Kutoa 1G na kuweka 1JZ kwenye GX100: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi magari Dar es Salaam, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa imekuwa Toyota Mark II, Chaser na Cresta. Haipiti wiki bila mtu kuja gereji au kupiga simu kuulizia 1JZ, injini kubwa ya Toyota, aifunge badala ya 1G ndogo iliyokuja na gari lake. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa na majibu yake ili mtu asome kabla hajatoa fedha. Nimeona magari mazuri yakilala juu ya mawe mwaka mzima kwa sababu mwenyewe alinunua injini kwanza, maswali akayaleta baadaye.

Fundi, hiyo "GX100" maana yake nini, na kwa nini watu wanasema 1JZ inaingia yenyewe?

Herufi za namba ya chesisi zinasomeka. G ni familia ya injini. X ni ukoo wa Mark II, Chaser na Cresta. 100 ni toleo, lile lililotoka Japani kuanzia mwaka 1996. Kwa hiyo GX100 ni bodi ya X100 iliyofungwa injini ya G, yaani 1G-FE ya cc 1988. Bodi hiyo hiyo kiwandani ilifungwa pia injini ya JZ, ya cc 2491, ikaitwa JZX100.

Ndiyo maana kazi hii haina kukata chuma wala kuchomelea chesisi kama inavyokuwa kwa anayelazimisha injini ya gari la kabila lingine. Unalirudisha gari kwenye umbo ambalo Toyota wenyewe walishalitengeneza. Zote mbili ni silinda sita kwenye mstari mmoja, hata geji ya RPM kwenye dashibodi inasoma sawa.

Lakini "inaingia yenyewe" ni kweli pale tu unapokuwa na vitu vyote vya JZX100. Ukiwa na injini peke yake, inaingia kwenye boneti halafu inakaa hapo.

Nitajuaje kama nahitaji injini kubwa kweli?

Kabla sijakubali kazi naliendesha gari la mteja mwenyewe. Mara nyingi narudi nikiwa na jibu lingine kabisa: throto imejaa masizi, plagi zimekwisha, kichujio cha mafuta hakijawahi kubadilishwa, ekzosi imeziba kwenye katalisti, au giaboksi inateleza. Gari la namna hiyo ni zito kwa sababu linaumwa. 1G-FE ya GX100 ilitoka kiwandani na farasi 140, na ile ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) iliyokuja mwaka 1998 ina farasi 160. Ikiwa nzima, inakupeleka Morogoro na kukurudisha bila kulalamika. Service nzuri ni fedha kidogo sana ukilinganisha na injini mpya.

Sababu ninazoziona za kweli ni mbili. Ya kwanza, 1G yako imekufa: imenoki, au silinda hedi imepinda baada ya kuchemsha, na ovaholi inakaribia bei ya injini nyingine. Ya pili, unalipenda gari hilo, bodi yake haina kutu, na unataka kukaa nalo miaka mingine kumi. Wa kundi la tatu, anayetaka kumwonesha jirani, huwa namwomba akafikirie kwanza mwezi mmoja.

1JZ ziko za aina ngapi, na nichukue ipi?

Hapa ndipo watu wengi wanapouziwa kitu wasichokijua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

1JZ-GE haina tabo, ile pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ya zamani, ya JZX90, ina farasi 180. Ile yenye VVT-i, iliyokuja na JZX100 mwaka 1996, ina farasi 200, na nguvu yake inaanza kusukuma chini zaidi. Kwa gari la familia hii ndiyo chaguo langu, na nimeifunga mara nyingi kuliko zote. Haina madoido, haihitaji mabomba ya ziada, spea zake zinapatikana Kariakoo na Ilala bila kuhangaika, na tofauti na 1G utaihisi ukianza tu kupanda mlima.

1JZ-GTE ndiyo yenye tabo, ile ya Tourer V, toleo la kasi la magari haya. Karatasi za Toyota zinasema farasi 280, namba ambayo kampuni zote za Japani zilikubaliana zamani zile kutoivuka. Ya kabla ya 1996 ina tabo mbili ndogo. Ya VVT-i ina moja kubwa zaidi, na hii inavuta mapema, kuanzia RPM 2400 hivi. Nitairudia hapa chini.

1JZ-FSE ndiyo ninayokuomba uiache. Utaitambua kwa maandishi "D-4" kwenye kifuniko cha juu. Inapiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, inataka mafuta safi muda wote, na njia zake za hewa zinajaa kaboni. Ilifungwa kwenye Mark II za JZX110, Verossa na Blit. Muuzaji atakuambia "1JZ ni 1JZ tu, bosi," na bei itakuwa nzuri. Bei ni nzuri kwa sababu wanaoijua wanaikwepa. Waya zake na kontroli boksi yake, yaani kompyuta ya injini, ni vya kwake peke yake, na pampu ile ikifa utalipia pampu kwa bei inayokaribia ya injini.

Na ya tabo je? Moyo wangu uko hapo.

Naelewa, hata wangu uko hapo. Ila sikiliza. Tabo za kiwandani za 1JZ-GTE zina gurudumu la kauri upande wa moshi. Kwenye presha ya kiwandani zinadumu. Mtu akiongeza presha kwa kujifurahisha kauri inapasuka, na vipande vyake vinaingia kwenye ekzosi. Injini unayonunua leo imeshapita kwa mtu Japani ambaye huenda alicheza nayo, kwa hiyo toa bomba la hewa, ingiza kidole, lishike gurudumu na ulitikise. Mchezo kidogo wa pembeni ni kawaida. Likienda mbele na nyuma, au likigusa ukuta, hiyo tabo imekwisha.

Pia ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani. Ukijaza mafuta ya kituo chochote cha njiani kisha ukakanyaga hadi chini, injini itagonga, na kugonga ndiko kunakochoma pistoni. Na tabo ina maana ya intakula (kipoza hewa ya tabo), mabomba yake, difu imara, breki kubwa na rejeta kubwa. Kama bajeti inatosha injini pekee, chukua GE.

Ninunue injini tupu au nusu gari?

Nusu gari. Kama kuna jibu moja kwenye ukurasa huu ningependa ulishike, ni hili.

Nusu gari, au hafukati kama wanavyoiita wauzaji, ni gari la Japani lililokatwa kwenye kioo cha mbele. Unapata injini, giaboksi, waya zote za injini zikiwa na plagi zake, kontroli boksi, rejeta na feni yake, alteneta, stata, pampu ya usukani, mauntini na vishikio vyake, mabomba ya maji na ya hewa, breki za mbele, na mara nyingi shokapu na springi. Nyingine zinatoka Japani moja kwa moja, nyingine zinapitia Sharjah.

Injini tupu ni rahisi siku ya kununua. Baada ya hapo unaanza kutafuta. Leo kontroli boksi, kesho plagi ya sensa ya oksijeni, keshokutwa bracket ya kompresa ya AC ambayo hakuna anayeiuza peke yake. Kila kimoja unakinunua kwa bei ya mtu aliyekushika, na kila kimoja kinatoka gari tofauti. Mteja wangu mmoja alileta injini ya Crown, waya za Mark II ya mwaka mwingine na kontroli boksi ya gari lenye gia za mkono. Kila kipande kilikuwa kizima. Vilikataa kuongea, na tulipoteza wiki tano.

Kuhusu Crown: injini ya 1JZ ya Crown au Soarer ni nzima sawasawa, lakini sampu ya oili (bakuli la chini ya injini) inaweza kuwa na umbo lingine na ikagonga krosmemba, ule mhimili wa chuma unaopita chini ya injini, ya Mark II. Kama huna njia nyingine, hakikisha unapata sampu na bomba la kunyonyea oili vya JZX kabla injini haijapanda winchi.

Ukiipata nusu gari, usiruhusu dukani wakukatie waya ili "kurahisisha kubeba". Wanapenda kufanya hivyo. Simama pale mpaka ipakiwe.

Nitajuaje kama injini ya mtumba ni nzima?

Kama ni nusu gari, mwambie muuzaji aiwashe hapo hapo. Anachohitaji ni betri, maji na galoni ya petroli. Asipotaka, nenda duka la pili.

Iwashe ikiwa ya baridi. Shika kifuniko cha injini kabla. Kama kina moto, wameshaiwasha asubuhi ili kuficha kitu. Tazama ekzosi sekunde za kwanza. Moshi wa bluu unaotoka kidogo na kuisha ni sili za valvu zilizokauka, ugonjwa wa kawaida wa JZ iliyokaa muda mrefu, na unatibika. Moshi wa bluu usioisha ni ringi. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji yanayoingia kwenye silinda, na hapo unaondoka.

Fungua kifuniko cha oili. Ndani ya JZ iliyotunzwa chuma kina rangi ya chai. Ukiona tope jeusi lililoganda kama lami, aliyekuwa nayo hakubadilisha oili. Kisha toa kifuniko cha koili uchungulie visima vya plagi. Oili kidogo ndani ya visima isikutishe. Ni gasketi ya kava ya valvu, kitu cha jioni moja. Ukiwa hapo gusa vishikizo vya plagi za koili. Plastiki yake imepikwa na joto miaka zaidi ya ishirini, inavunjika kama biskuti. Nunua vipya kabla ya kufunga, kwa sababu plagi isiyoshika ndiyo italifanya gari likose silinda moja kila ukipita kwenye matuta.

Halafu pima kompresheni, silinda zote sita, throto ikiwa wazi. Kwa familia ya JZ Toyota hawataki silinda moja ipishane na nyingine zaidi ya psi 14. Mimi sijali sana kama zote zimeshuka kidogo kwa usawa. Hiyo ni umri. Tano zikiwa sawa na moja ikawa chini, usinunue, hata ukipunguziwa.

Kama ni injini tupu isiyoweza kuwashwa, angalau toa plagi, weka soketi namba 22 kwenye bolti ya kranki na uizungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Iende laini bila kukwama popote. Na omba dhamana ya maandishi, hata ya siku 14, yenye namba ya injini juu yake.

Giaboksi yangu ya 1G itakaa kwenye 1JZ?

Hapana. Kengele yake, lile ganda la mbele linalofungwa kwenye injini, haikutani na bloku ya JZ. Tumia giaboksi iliyokuja na injini. Kwenye gari la otomatiki kontroli boksi ya injini ndiyo inayoamuru gia pia, vikitoka gari moja vinajuana. Anayetaka gia za mkono kwenye GTE atafute giaboksi ya R154, ndiyo ya kiwandani. Siku hizi ni ghali.

Propela shafti ipime kabla ya kuikata. Afadhali uje na ya gari lililotoa injini. Ikikatwa ni lazima ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kubalansi, la sivyo gari litatetemeka kuanzia 80. Difu ya 1G itafanya kazi na GE, ila uwiano wake kwa kawaida ni mfupi, kwa hiyo barabara kuu injini itazunguka zaidi ya inavyotakiwa. Kwa GTE badilisha difu yote na ekseli zake.

Kazi ya waya ni ngumu kiasi gani?

Ukiwa na waya za JZX100 ambazo hazijakatwa, na gari lako ni la toleo lile lile, plagi nyingi zinaingiana na waya za bodi. Toleo la 1996 hadi 1998 na lile lililoboreshwa mwaka 1998 hazifanani zote, na hapo fundi umeme lazima awe na michoro, asikisie kwa taa ya kupimia. Kwa injini za miaka ya 2000 kuendelea uliza mambo mawili: kuna imobilaiza, kinga ya wizi inayozuia injini kuwaka bila ufunguo wake? Kama ipo, unahitaji ufunguo na boksi lake. Pedali ya mafuta ni ya kebo au ya umeme? Kama ni ya umeme, chukua na pedali.

Usimruhusu fundi aunge waya kwa kuzisokota na kuzifunga selotepu. Kila muungano uchomelewe kwa risasi, uvalishwe bomba la plastiki la kubana kwa joto, na uwekwe mbali na manifoldi ya moshi. Waya uliosokotwa utafanya kazi miezi sita, halafu unyevu wa Dar utaufikia.

Nitakueleza kosa nililofanya mwenyewe nilipokuwa mgeni wa kazi hii. Tulimaliza usiku, wote tumechoka, mteja amesimama pembeni na simu mkononi anarekodi. Nikapiga stata. Injini ikazunguka kinyonge, halafu nikasikia harufu ya plastiki. Nilipoinua kichwa, kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedali kwenda kwenye throto, ilikuwa inatoa moshi na ala yake inayeyuka mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimesahau waya mmoja: ule mnene wa ethi unaounganisha bloku na bodi. Stata inakula umeme mwingi sana, na umeme huo lazima urudi kwenye hasi ya betri. Ulipokosa njia yake, ulipita kwenye chuma cha kwanza kilichogusa injini na bodi kwa pamoja. Tungechelewa sekunde chache, gari la watu lingeungua na mimi ndiye niliyeshika ufunguo. Tangu siku hiyo ethi ndiyo ya kwanza kufungwa, na naigusa tena kwa mkono kabla sijapiga stata, hata kama fundi mwenzangu ameniapia kwamba ipo.

Halitachemsha kwenye foleni?

Litachemsha ukibakiza rejeta ya 1G. Cc 500 zaidi zina joto lake, na Dar mwezi wa Februari, umesimama Ubungo na AC iko juu, hakuna upepo wa kukusaidia. Weka rejeta ya JZX100 au nzito zaidi, pamoja na kava la plastiki la feni. Hilo kava mafundi wengi wanalitupa kwa sababu linasumbua kufunga. Bila kava, feni inazungusha hewa ile ile ya moto ndani ya boneti. Viskasi ya feni, kile kishikizo cha katikati chenye mafuta mazito kinachoiendesha, ijaribu: injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono; ikizunguka kirahisi kama ya mtoto, imekufa.

Na usitie maji ya bomba peke yake. Hedi ya JZ ni ya alumini kwenye bloku ya chuma. Maji matupu yanaila kimya kimya mpaka siku gasketi inapoachia. Tumia kulanti, na ukishajaza toa hewa yote: pua ya gari iwe juu kidogo, hita iwe wazi, mfuniko wazi, injini ifanye kazi mpaka thamostati ifunguke na mapovu yaishe. Hili linaweza kuchukua nusu saa. Kaa hapo.

Breki zangu si zinatosha? Gari ni lile lile.

Gari ni lile lile, mwendo si ule ule. Gari likitoka 100 kwenda 140, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza inakaribia kuwa mara mbili, kwa sababu mwendo unajizidisha wenyewe. Diski na pedi za 1G zilipimwa kwa gari la farasi 140. Zitakusimamisha mara moja vizuri. Mara ya pili pedali itakuwa laini. Mara ya tatu, mteremko wa Kitonga, lori liko mbele, utaikanyaga na hakuna kitu.

Gerejini kwangu breki zinafungwa kabla ya injini. Nimepoteza wateja kwa ajili ya hilo na sijabadilisha. Diski na kalipa za mbele za gari lililotoa injini, pedi mpya, mipira ya breki mipya, mafuta ya breki mapya yote, na nyuma vikaguliwe. Springi za mbele pia, kwa sababu 1JZ ni nzito kuliko 1G. Ukibakiza za zamani pua inainama na gari linayumba kwenye kona. Matairi yasiwe ya miaka minane yenye nyufa ubavuni. Fedha ikipungua, ahirisha rimu, redio, hata AC. Breki haziahirishwi.

Itakula mafuta kiasi gani?

Zaidi. Anayekuambia vinginevyo anauza injini. Wateja wangu waliokuwa wanapata kilomita 8 kwa lita mjini na 1G nzima, wengi wao wanaangukia 6 au 7 na GE. Safarini tofauti inapungua sana kwa sababu injini kubwa haihangaiki. GTE mjini ni mguu wako: 5, au pungufu.

Kwa Tanzania angalau ukubwa wa injini haukuongezei tena ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, maana iliondolewa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Unailipa pampuni.

Jumla inagharimu kiasi gani, na inachukua muda gani?

Bei zinapanda na kushuka na dola, kwa hiyo sitaki kuandika namba utakayonishika nayo mwakani. Nakupa kipimo: bei ya nusu gari ni karibu nusu ya fedha yote. Nusu nyingine inaliwa na mkanda wa taimingi, wota pampu, sili za kranki, gasketi, mipira ya maji, oili na kulanti, breki, propela, ekzosi, ufundi, fundi umeme, na vile vidogo ambavyo havikuwa kwenye orodha. Kama una fedha ya nusu gari tu, subiri. 1G yako ikuendeshe mpaka nyingine ipatikane.

Mkanda wa taimingi na wota pampu vibadilishwe injini ikiwa bado sakafuni, hata kama muuzaji anasema mkanda ni mpya. Nje ni kazi ya saa chache. Ndani ya gari unafungua nusu ya mbele.

Muda: vitu vyote vikiwepo, siku kumi hadi kumi na nne. Anayekuahidi wikiendi moja ataacha kitu. Kitu kimoja kikikosekana, usiulize muda.

Kadi ya gari na bima inakuwaje?

Kadi ina namba ya injini na ukubwa wake, na vyote viwili vimebadilika. Tanzania unapeleka mabadiliko TRA, Kenya ni NTSA, na gari hukaguliwa. Tunza risiti ya injini na nyaraka za forodha zinazoonesha ilivyoingia nchini. Bila hizo huwezi kuthibitisha kwamba si ya wizi. Kabla ya kulipa, isugue ile namba kwenye bloku kwa brashi ya waya uisome mwenyewe. Ikiwa imepigwa patasi au imekwanguliwa, acha, bei iwe yoyote.

Kampuni ya bima nayo iambie kwa maandishi. Watu wanalipia bima kubwa miaka mitatu, siku ya ajali mkaguzi anafungua boneti na kukuta injini ambayo haipo kwenye karatasi. Utakuwa umempa sababu ya kutokulipa.

Mimi nina GX90, GX110, Crown au Carina. Je?

GX90 na GX110 hesabu ni ile ile: tafuta JZX90 au JZX110 ya toleo lako, ukiikwepa D-4. Crown ya GS151 inaendana na JZS151. Carina na Corolla ni za kuvutwa mbele, JZ haiwahusu. Mwenye 5A ya cc 1498 anaweza kupanda 4A au 7A ya cc 1762, ni ndugu wa tumbo moja na kazi ni nyepesi.

Kwa nini nisiende moja kwa moja kwenye 2JZ?

2JZ-GE ya cc 2997 ni injini nzuri sana na inakaa. Ila bloku yake ni ndefu zaidi kwenda juu, kwa hiyo baadhi ya mabomba na vishikio vya 1JZ havirudi sawa, na utakuwa unaunganisha vitu vya magari mawili. Kama unaipata nzima na vitu vyake vyote kwa bei ya 1JZ, ichukue. Vinginevyo sioni sababu ya kuisaka.

1G yangu ya zamani niifanyeje?

Kama inawaka, iuze ikiwa na waya zake na giaboksi. Kuna mtu wa GX100 anayeitafuta leo hii, na kwake ni gari zima limefufuka.

Nimeshafungiwa. Wiki za kwanza nifanye nini?

Kilomita 500 za kwanza usizidi RPM 3500, hata kama injini ni ya mtumba. Gasketi, sili na mipira mipya inahitaji kupata joto na kupoa mara kadhaa. Kisha badilisha oili na kichujio, na uikate ile filta ya zamani uangalie karatasi yake chini ya jua. Chembe za kung'aa nyingi ni habari mbaya. Nipigie kabla hujaendesha tena.

Kila asubuhi kwa wiki mbili fungua boneti injini ikiwa ya baridi: angalia maji, angalia oili, tazama chini kama kuna tone. Mimi naweka kipande cha boksi chini ya gari usiku. Tone jekundu ni giaboksi au usukani, jeusi ni injini, la kijani au waridi ni kulanti, na mahali lilipodondoka panakuonesha pa kuangalia. Baada ya siku ya tatu lirudishe gereji tukaze tena bolti za mauntini, za ekzosi na za propela, kwa sababu zote hulegea kidogo zikishapata moto. Ni kazi ya saa moja na kwangu hailipiwi. Njoo na gari likiwa la baridi.